Sindano Tisa za Mgongo

Naandika haya nikiwa mzima. Nimelitanguliza hilo kwa sababu nilipokuwa wodini nilitamani sana mtu aniambie mwisho kwanza, nipumue, halafu ndiyo anisimulie mengine. Hakuna aliyeweza. Kwa hiyo wewe unayesoma huku mgonjwa wako amelala mbele yako, na mkononi umeshika karatasi wanayotaka uitie sahihi, jua kwamba mimi nilichomwa sindano ya mgongo mara tisa, na sasa nimekaa jikoni kwangu, mtaa wa Banda, Kampala, maharagwe yanachemka motoni, na kichwa hakiniumi.

Kiliniuma wiki tatu nzima kabla sijakubali kwamba ni ugonjwa. Nilikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha magodoro kule Nakawa, na harufu ya gundi ilinipa kisingizio. Mvua za mwezi wa nne zilikuwa zinanyesha kila alasiri, nikasema ni baridi. Nikanunua dawa ya malaria bila kupimwa, nikaimeza, nikanunua tena. Kisha mwanga ukaanza kuniumiza. Kisha nikawa naona milango miwili penye mlango mmoja, na siku moja nikaingia ule usiokuwapo, nikapasuka paji la uso.

Mume wangu, Mika, ni dereva wa trela. Wakati huo alikuwa njia ya Juba. Nyumbani tulikuwa mimi na binti yetu, Nekesa, wa miaka tisa. Sisi ni watu wa Busia, upande wa Kenya, na hapa Kampala ndugu wa karibu alikuwa mmoja tu, wifi yangu Rispa, dada mkubwa wa Mika, anayeuza mashuka ya mtumba katika soko la Nakawa. Mimi na Rispa tulikuwa hatusemezani mwaka wa pili. Aliniomba binti yake akae kwetu asomee Kyambogo, mimi nikasema chumba hakitoshi. Chumba kingetosha. Ndivyo ilivyokuwa.

Asubuhi niliposhindwa kuinuka, Nekesa alichukua simu yangu akampigia yeye. Nakumbuka Rispa akiingia mlangoni na kitambaa cha kichwa kikiwa kimelowa mvua. Baada ya hapo siku sita sinazo. Sikuzisahau kama mtu anavyosahau jambo, hazimo kabisa. Nitakayosema juu ya siku hizo nimeambiwa.

Nimeambiwa kwamba niligonga kichwa changu kwenye chuma cha kitanda hadi wakanifungia mto. Kwamba nilimwita Rispa kwa jina la marehemu mama yangu. Daktari alimwambia wanashuku homa ya uti wa mgongo, ile inayoletwa na vimelea vya ukungu, na kwamba lazima watoe maji mgongoni, kwanza wajue, pili wapunguze shinikizo linalobana ubongo. Wodi nzima ilisikia. Mwanamke aliyekuwa anamuuguza mumewe kitanda cha jirani akamvuta Rispa pembeni, akamwambia kwamba wote wanaotolewa maji hufa.

Rispa hakuenda shule sana, lakini si mtu wa kusukumwa. Alimwendea muuguzi, mama mmoja wa makamo aliyeitwa Sista Nalongo kwa kuwa alizaa mapacha, akamwambia anataka kuiona hiyo sindano.

Sista hakukasirika. Akaileta ikiwa ndani ya karatasi yake.

"Iko ndefu, nyabo, juu mgongo iko mbali na ngozi," alisema. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Kampala, ambamo "juu" ni "kwa sababu" na "nyabo" ni "mama". "Hii hapana ua mtu. Watu nakufa juu nakuja hapa wamechelewa, na sisi natoa maji, halafu watu nasema ni maji. Huyu akingoja, ataenda. Weka sahihi."

Rispa akaweka. Hiyo ilikuwa karatasi ya matibabu. Halafu ikaja ya pili, ndefu zaidi, ya utafiti. Walikuwa wanataka kujua kama vidonge fulani vikiongezwa kwenye tiba ya kawaida vitawafanya wagonjwa wengi zaidi wapone. Wengine wangepewa vidonge vyenye dawa, wengine vitupu vinavyofanana navyo, na hata daktari asingejua ni nani anameza vipi. Sampuli za damu na maji ya mgongo zingehifadhiwa. Rispa alisomewa kurasa zote, akauliza swali moja: "Sista, kama angekuwa dada yako?"

"Hiyo hapana jibu," Sista Nalongo akasema. "Ya sindano nilikujibu. Hii nikijibu, ni kama nakusukuma. Ukisema hapana, dawa ingine yote atapata."

Baadaye nilimuuliza Rispa kwa nini alikubali. Aliniambia: "Niliogopa. Nilijua ukifa, watu wa kwenu watasema nilikuua kwa sababu ya ule ugomvi. Lakini walisema walio kwenye utafiti wanaangaliwa kila siku na daktari yule yule. Nikasema basi, angalau kuna mtu atakuwa anakuangalia nikienda kukojoa."

Siku ya saba nilifungua macho nikamwona amekaa kwenye mkeka wake kando ya kitanda, anakunja nguo zangu. Nikamuuliza Nekesa yuko wapi. Akaziacha nguo, akaenda kusimama dirishani akinipa mgongo. Kisha akarudi akasema yuko kwa jirani, anakula vizuri, na kwamba nimetolewa maji mara tano.

Alasiri hiyo daktari wa utafiti alikuja. Alikuwa kijana, mpole, na alivuta pazia kabla hajaketi. Akaniambia kwamba ukungu ule huwapata zaidi watu ambao kinga yao imeshuka, na kwamba walinipima, na nina virusi vya ukimwi.

Sikulia. Nilitazama kidole changu chenye pete nikaona kimekonda, pete imezungushiwa uzi isianguke. Nikajua Rispa ndiye aliyeuzungusha, na kwa hiyo anajua.

"Nani mwingine anajua?" nikamuuliza alipoondoka daktari.

"Mimi na hao wa dawa. Mika amepiga simu mara mbili, nikamwambia homa ya kichwa. Hayo mengine ni yenu."

Daktari alikuwa ameacha karatasi. Alisema nilipoletwa sikuweza kuamua, ndugu yangu akaamua kwa niaba yangu. Sasa akili imerudi, uamuzi ni wangu. Naweza kuendelea na utafiti au kujitoa, na nikijitoa hakuna atakayenikasirikia. Nilimwomba anipe hadi kesho. Ukweli ni kwamba sikuogopa vidonge. Niliogopa kwamba nilikuwa nimemezeshwa kitu kwa siku sita nikiwa sipo, mwili wangu umefunguliwa na kufungwa, na mimi mwenyewe naletewa habari kama jirani.

Kuna jambo sijawahi kulisimulia, na nalisimulia kwa sababu nawe unaweza kulikuta.

Mkabala na kitanda changu alikuwapo mwanamke wa Bukavu, mkimbizi, aliyeitwa Mama Zawadi. Ugonjwa wake ulikuwa wangu. Kaka yake alikuwa amekataa maji yasitolewe, siku ya tatu hiyo. Kaka huyo aliniona siku ile ile nimeketi nakunywa uji, akaja.

"Mama, na weye walikutoboaka mgongo?"

Nikamwambia ndiyo, mara tano, na nilikuwa sijitambui. Nikamwambia akubali. Nilisema, "Atapona, kaka yangu. Niangalie mimi."

Akakubali. Walimtoa maji jioni hiyo. Asubuhi iliyofuata, chai inagawiwa, Mama Zawadi akakata roho.

Kaka yake alikunja shuka taratibu sana. Alipopita mbele yangu akasimama. "Ulisemaka atapona," akasema. Hakuinua sauti. Nilitaka kumwambia alivyosema Sista, kwamba siku tatu ni nyingi, kwamba si sindano, lakini mimi mwenyewe wakati ule sikuwa na hakika tena. Wodi yote ilikuwa inanitazama. Na saa nne ndiyo ilikuwa zamu yangu ya sindano ya sita, ya kwanza nikiwa na akili zangu.

Saa tatu na nusu Mika akaingia, vumbi la barabara bado liko kwenye viatu. Alikuwa ameacha gari Gulu, akapanda basi. Alinishika mguu juu ya blanketi, akaushika tu. Kisha akaiona karatasi ya utafiti kando ya mto, akaisoma ukurasa wa kwanza, na uso ukabadilika.

"Nani alisema mke wangu ajaribiwe dawa?"

"Mimi," Rispa akasema.

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ulikuwa Juba."

"Simu zipo. Mnampima damu kila siku, mnaweka kwenye vitabu vyenu, mnajua mambo ya watu. Namtoa leo. Kuna mchungaji Katwe, na kuna hospitali za kulipia."

Nilimwomba Rispa atuachie nafasi. Nilimwambia Mika niliyoambiwa na daktari, kwa maneno machache, maana pumzi ilikuwa ndogo. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali ambalo kila mwanamume huuliza: umeutoa wapi. Hakuuliza. Alikaa chini kwenye mkeka wa dada yake, akatazama sakafu, na habari ya kunitoa hakuirudia. Nilikuwa mgonjwa mno, sikuushangaa ukimya ule. Nilidhani ni upole.

Sista Nalongo alipokuja na trei nilimwomba kalamu kwanza. Niliandika jina langu chini ya jina la Rispa, herufi zikapanda juu ya mstari. Ukiniuliza kwa nini, jibu langu si la kishujaa. Mama Zawadi alikuwa amefariki na mimi nilikuwa hai, na tofauti niliyoweza kuiona kati yetu ilikuwa siku tatu. Niliogopa kujitoa kuliko nilivyoogopa kubaki.

Sindano yenyewe, kwa kuwa najua unataka kujua: unalala ubavu, unakunja magoti hadi kifuani kama mtoto tumboni. Dawa ya baridi inapakwa. Kuna mchomo wa kutia ganzi, kisha kuna msukumo ambao si maumivu hasa, ni kama mtu anasukuma kidole gumba kwenye mfupa. Mara moja mguu wa kushoto uliruka kama umepigwa na umeme, nikapiga kelele. Daktari akarudisha kidogo, ukatulia. Halafu maji yakaanza kudondoka kwenye kichupa, na kadiri yalivyodondoka kichwa kikawa kinaachia. Nilikisikia kabisa kikiachia, kama kamba imelegezwa. Nililia hapo, nikiwa nimempa kila mtu mgongo.

Dripu ndiyo iliyonitesa zaidi. Dawa ile ya manjano ikishaingia nusu saa, mwili ulitetemeka hadi kitanda kikagonga ukuta, meno yakauma ulimi. Rispa alikuwa anapanda kitandani ananilalia miguuni kwa uzito wake wote. Mishipa ikavimba ikawa migumu kama kamba za viatu. Damu ikapungua, nikaongezewa. Midomo ikapasuka. Nilipotoka baada ya sindano ya tisa, mvua zilikuwa zimekwisha, nguo yangu ya kanisani ilinizunguka mara mbili, na Nekesa aliponiona mlangoni alirudi nyuma hatua moja. Akaja baadaye. Lakini ile hatua niliiona.

Wiki chache mbele nikaanzishiwa dawa za virusi. Maisha yakawa ya kuhesabu mahudhurio ya kliniki: la wiki ya sita, la nane, la kumi. Benchi la kliniki ya utafiti lilikuwa chini ya paa la mabati, na tulioketi pale tulijuana kwa vitambaa vya kichwa tu, hatukuulizana majina. Mtu asipotokea hudhurio moja tulisogea kujaza nafasi yake. Ndani walinichukua damu, kisha wakanipima akili: nitaje wanyama wengi niwezavyo kwa dakika moja, nirudie maneno, nipachike vijiti vidogo vya chuma kwenye ubao wenye matundu, na saa inahesabu. Vijiti vile niliviogopa kuliko sindano. Mtunza stoo mzima, nashindwa kupata tundu. Usiku wa kuamkia hudhurio nilikuwa nawataja wanyama kimoyomoyo, swala, nungunungu, kicheche, nisije nikakosa.

Nitalisema hapa nisije nikalisahau: utafiti ulipokwisha walituita kwenye ukumbi, wakatupa soda, wakatuambia vile vidonge vya kuongezea havikusaidia. Mimi nilikuwa nameza vitupu. Mzee mmoja alisimama akauliza, "Kwa hiyo sisi tulikuwa tunameza bure?" Daktari akasema hapana, sasa madaktari wote wanajua wasivitumie kwa ugonjwa huu, watafute kingine. Mzee akakaa, hakuridhika. Mimi nilifikiri juu ya daktari yule yule kila asubuhi, na pazia lililovutwa. Sijui ni kipi kiliniponya, na nimeacha kutafuta.

Jambo ambalo sikuweza kuliacha lilikuwa Nekesa. Sista Nalongo, ambaye alikuwa amehamia kliniki, aliniuliza kila hudhurio: "Na mtoto? Lini naleta mtoto tupime?" Kila mara nilisema wiki ijayo. Nilikuwa na hoja yangu. Nilipokuwa na mimba yake nilipimwa, nikaambiwa niko salama. Basi nimeupata baada ya hapo, basi mtoto hayumo. Niliishika hoja hiyo kwa mikono miwili. Mika naye, nikimwomba apimwe, alisema atapima akirudi safari. Akirudi, alikuwa na safari nyingine.

Msimu wa senene ulifika. Wanawake walikuwa wanawauza kwa vikombe barabarani, na Mika alileta mfuko mzima, tukaketi uani tunawanyonyoa mabawa, mimi na yeye tu. Kisha akanawa mikono, akaingia kwenye begi lake la safari, akaniwekea mapajani kadi ya kliniki. Ilikuwa ya Malaba, imechakaa mikunjoni hata imegawanyika vipande vinne, imeshikizwa kwa gundi ya karatasi.

Nilisoma jina lake. Nikasoma tarehe ya kwanza.

"Dawa zangu huwa naziweka kwenye trela," akasema. "Chini ya kiti."

Alikuwa amejua miaka minane. Nilihesabu mara moja, nikahesabu tena kama navihesabu vile vijiti. Tarehe ile, Nekesa alikuwa bado ananyonya.

"Mika, mtoto," nikasema.

"Najua. Ndiyo sababu nimekwambia. Nimekuwa nikimwangalia anakua, nasema ni mzima, ni mzima. Siwezi tena."

Sikumpiga, sikumfukuza. Nilijifungia chumbani kwa Nekesa, na ndiko ninakolala hadi leo. Mambo yangu na Mika bado hayajafika mahali pa kusimuliwa. Anakuja, analeta matumizi, anapika siku nikichoka. Rispa alipojua alimwambia mdogo wake maneno ambayo sitayaandika, na hakukanyaga kwangu mwezi mzima kwa aibu ambayo haikuwa yake, hadi nilipomfuata sokoni. Kwenye mashuka yake pale nilimwambia binti yake alete godoro. Tukacheka kidogo, maana godoro ni mimi wa kulitoa, mtu wa kiwanda cha magodoro.

Kesho yake baada ya ile kadi nilimpeleka Nekesa. Alivaa sare ya shule, alitaka awahi vipindi vya mchana. Sista Nalongo alimtoboa kidole, tone likaingia kwenye kile kipande cha plastiki, akatuambia tungoje kwenye benchi. Nimekuwa kwenye wodi ile, nimeona shuka la Mama Zawadi likikunjwa, nimekunja magoti yangu kwa sindano tisa. Sikuwahi kuogopa vile. Dakika ishirini. Nekesa alikuwa anasoma mabango ya ukutani kwa sauti, neno kwa neno, na mimi nilikuwa nautazama mlango, najaribu kuwataja wanyama, na hakuna hata mmoja aliyekuja.

Tukaitwa. Sista alimgeuzia Nekesa kile kipande, akamwonyesha mstari mmoja. "Mstari moja ni mzuri," akasema. "Wewe iko sawa kabisa, muwala, binti yangu." Kisha akanitazama mimi, akaniachia chumba.

Nikamwambia mwanangu. Nilimwambia mimi mistari yangu ni miwili, ndiyo iliyokuwa imenilaza, na ya baba yake pia. Alinisikiliza bila kupepesa.

"Utakufa?"

Nikamwambia nilichokuwa nakijua: kwamba nameza dawa kila siku, kwamba damu yangu hupimwa, na mwezi huo imetoka vizuri kuliko mwezi uliopita. Akatazama pamba kwenye kidole chake, akaitoa, akaona damu imekatika.

"Basi twende," akasema. "Nina njaa."

Nje ya geti palikuwa na mtu anakaanga chapati na mayai. Tukanunua mbili, tukala tukiwa tumesimama, na mimi nikaimaliza yangu yote.